Kabati zuri lisilopita mlangoni

Leo nimefeli mtihani niliotunga mwenyewe.

Asubuhi nimetoka Nyamugari, mtaa wetu wa Gitega, na ordinateri, yaani kompyuta, mgongoni, mpaka Muyinga kwa mzee Yohana, fundi seremala, shemeji ya mama. Aliniomba nimchagulie programu ya kuchora, rahisi, ya mtu anayeanza. Ila alionya: ikimshinda leo, hataki kuisikia tena.

Bon, mi nikampelekea mbili, kama mtihani: achague moja.

Moja iko na rangi, mbao zinang'aa, kitu ulichochora kinazunguka kwenye ekrani ya kompyuta. Ingine ni mistari na namba tu.

Nikaanza na ile nzuri, kweli! Kwa dakika kumi nikamchorea kabati la bibi harusi mmoja, mteja wake.

Mzee akaangalia.

Kisha akatoa uzi msumarini. (Kila mteja ana uzi wake pale ukutani, na vipimo vyake ni mafundo.)

"Mwanangu, toka hapa mpaka fundo hili ni upana wa mlango wao. Kabati litapita?"

Mlango? Mi sikuwaza mlango. Tukalinganisha: kwa mbele halipiti, kwa ubavu halipiti.

"Na hiyo nyingine inaanzaje?"

"Inauliza vipimo kwanza, mzee."

"Niachie hiyo. Inauliza kama fundi."

Nyinyi wenzangu wa kuchora, mlango mnaupimaga?

Saa hii niko kwenye gari, narudi Gitega. Wakati wa kuagana mzee alinitia uzi mpya mkononi.

Hauna fundo hata moja.