Vindege vya Matope ya Moto

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba chini ya Ziwa Singidani kuna moto. Habari nilizipata kijiweni kwa bodaboda, na ushahidi ulikuwa vile vindege vinavyokimbiakimbia ufukweni: havitulii kwa sababu matope yanaviunguza miguu. Ikifika Machi vifua vinaanza kuwa vyekundu, yaani vinaiva. Siku vikiondoka vyote, ziwa linachemka na kumwagikia mji.

Usinicheke. Nilishamaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na cheti changu nilikitundika ukutani kikubwa kama mlango. Lakini hofu haisomi cheti.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa karibu na maji kiasi kwamba chura akipiga chafya, tunalowa. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, siku zimetimia. Kila asubuhi nilikwenda kuvikagua vile vindege. Wekundu ulizidi, na vyenyewe vilinenepa kama viroba vya vitunguu. Asubuhi moja nikakuta ufukwe nusu mtupu. Moyo ulinidunda hadi mbwa wa jirani wakabweka.

"Fungasha," nikamwambia mke wangu. "Twende Mungaa kwa mama."

"Mungaa? Na uchungu ukinishika njiani?"

"Bora njiani kuliko kuchemshwa."

"Hospitali naiona kwa dirisha hapa, wewe unataka nikajifungulie kwenye mashamba ya alizeti!"

Nilibaki mlangoni na begi mkononi. Nyuma yangu ziwa, mbele yangu barabara iliyolowa mvua ya usiku kucha, na mtoto ambaye hangojei mtu. Lipi baya zaidi? Sikujua. Mke wangu akachukua simu yangu, akampigia mwalimu wangu wa jiografia wa jioni, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mwalimu. Mwanafunzi wako ananihamisha kwa sababu ya ndege."

Nikaeleza yote, hadi habari ya kuiva. Kwenye simu nikasikia kicheko kikikatizwa. Nadhani alikuwa amejiziba mdomo.

"Sikiliza wewe," akasema mwishowe. "Vinakimbia vikitafuta wadudu. Vinanenepa kwa ajili ya safari. Wekundu ni manyoya ya msimu wa kuzaa. Kila mwaka, mvua zetu zikielekea kuisha, vinakwenda kutaga kaskazini ya mbali, kisha vinarudi. Ziwa halina moto. Shusha hilo begi, na mama kijacho akae hapo hapo karibu na hospitali."

Nikalishusha.