Nilipoenda Kuomba Anga kwa Jirani

Wacha nianze na upuuzi wangu mwenyewe, kabla mke wangu hajanitangulia kuusimulia, maana yeye huuongezea chumvi. Nilimwambia rubani wa droni kwamba jirani yangu amekubali tupige mahindi dawa kutoka angani, na jirani mwenyewe sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimeenda kwake, ndiyo. Nilikuwa nimekunywa chai yake na kula kiazi kitamu chake. Halafu nikarudi nyumbani na swali langu likiwa bado tumboni, juu ya kiazi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuku wangu wanatembea kuliko mimi. Nyumba ya jirani iko ng'ambo ya ua wa miiba ya kayaba tu, lakini mimi salamu zangu huzirusha juu ya ua na kurudi kwenye kiti. Mwaka huo mvua ilikuja vizuri, mahindi yakanipita kichwa nikiyaangalia kutoka barazani, nikajisifu kwamba hata mkulima aliyekaa anaweza kuvuna. Wenzangu walikuwa wamepiga dawa mahindi yakiwa ya magoti. Mimi niliona ya kwao ni haraka tu.

Siku niliyoamua kuingia ndani ya shamba, nilifungua moyo wa mhindi mmoja, pale juu majani machanga yanapochipuka, nikakuta kiwavijeshi amenenepa, amekaa kama mwenye nyumba. Nikafungua wa pili. Naye alikuwa na mpangaji. Nikakimbilia mjini Turbo kwa agrovet, duka la dawa za kilimo, na mwenye duka akaniambia wazi: mahindi yakianza kutoa nywele kabla hujapiga dawa, funza anaingia ndani ya hindi, na huko ndani hakuna dawa ya kumfuata. Hayo mahindi ndiyo ugali wetu wa mwaka mzima. Hatuna shamba lingine.

Nilijaribu pampu ya mgongoni. Mahindi yako juu, mimi niko chini, dawa ikanirudia usoni. Mke wangu alinikuta nikinawa macho kwenye mtungi. "Sasa ni wewe utakufa au ni funza?" akauliza. "Nijue nipike ya wangapi."

Ndipo nikakumbuka droni. Nilikuwa nimeiona kwenye harusi, ikizunguka juu ya hema kama nzi mkubwa. Nikatafuta namba ya yule jamaa wa picha, nikamuuliza kama anaweza kufunga chupa ya dawa chini yake. Alicheka hadi akakohoa. "Mzee, yangu hubeba kamera. Ukiifunga dawa itaanguka na kamera, na bibi harusi alale hospitali." Lakini alinipa namba ya mama mmoja wa hapo Eldoret mjini ambaye kazi yake ni hiyo hasa, kunyunyizia mashamba.

Nilidhani huyo mama ataniuliza shamba ni kubwa kiasi gani. Yeye akaanza na sheria. Droni yake imesajiliwa na mamlaka ya usafiri wa anga, yeye mwenyewe ana leseni ya kuirusha, na kampuni yake ina cheti chake tofauti, kwa sababu kujua kurusha ni jambo moja na kuruhusiwa kufanya biashara ni lingine. Ina bima. Hata hivyo haji tu. Lazima kwanza apate ruhusa ya kurusha mahali penyewe, na hapa kwetu kuna uwanja wa ndege, hata kama uko upande ule mwingine wa mji.

"Lakini madam," nikamwambia, "shamba ni langu. Hati ninayo, iko kwa sanduku."

"Ardhi ni yako, Mzee. Hewa iliyo juu si yako."

Niliinua macho nikaangalia hiyo hewa. Miaka yote nimekuwa nikiipumua kama mwenyewe.

Akaendelea. Dawa lazima iwe ile iliyosajiliwa, itumike vile kibandiko chake kinasema. Upepo ukizidi, harushi, hata kama nimeua mbuzi wa kumkaribisha. Na majirani wanaopakana na mimi wapewe habari mapema, wakubali, watu na mifugo wakae mbali. "Kuna mtu hapo karibu anafuga nyuki?"

Nikaangalia ua wa kayaba. Upande wa pili, mizinga ya jirani ilikuwa imepangwa kando ya ua wote, imening'inia kwenye miti yake. Ukiwa kimya barazani kwangu unaisikia ikivuma.

"Wako," nikasema, "kidogo."

"Basi nenda umuone. Mimi nitafuata ruhusa ya anga. Wewe fuata ya nyuki."

Nilienda siku ya Jumapili baada ya kanisa, nikiwa bado na koti, ili jambo lionekane la heshima. Sasa, huku kwetu mtu haingii kwa mwenzake na jambo lake mkononi kama fimbo. Unakaribishwa, unakunywa chai, mnaulizana watoto, mnaulizana ng'ombe, mnalaumu mbolea. Kisha mwenye nyumba anakufungulia mlango: anauliza kuna nini. Jirani yangu, naye ni mama wa watu, alifanya yote hayo sawasawa. Alinimiminia kikombe cha pili, akapangusa meza, akaniangalia.

"Haya, jirani. Kuna nini?"

Mlango huo ulikuwa wazi kabisa. Nami nikasema, "Hapana, ni kuwasalimia tu."

Hadi leo sijui ni nini kilinishika. Labda ni kwa sababu dirisha lilikuwa linaangalia mizinga. Labda ni kukaa nyumbani sana, ulimi unaota kutu. Alishangaa kidogo, maana sijawahi kumsalimia kwa koti. Akanifungia kiazi kingine nimpelekee mke wangu.

Rubani alipopiga simu kuuliza jirani amesemaje, nilijibu, "Jirani hana shida." Na kweli hakuwa na shida. Shida alikuwa nayo aliyeshika simu.

Kuanzia hapo sikukaa. Naketi, nasimama. Naenda shambani kuangalia kama nywele zimetoka, narudi, nasahau nilichoona, naenda tena. Nilifunga kipande cha karatasi ya nailoni kwenye kijiti nione upepo, nikawa nakiangalia hata wakati wa kula. Nikimwona jirani upande wa pili wa ua, nainama kama mtu aliyeangusha kitu. Chai yangu ilikuwa inapoa kikombe baada ya kikombe. Mke wangu, ambaye alidhani ni funza tu wananisumbua, akasema, "Umetembea wiki hii kuliko mwaka jana wote. Hao viwavi wangekuja mapema, ningekuwa na bwana mwembamba."

Ruhusa ya anga ikatoka. Asubuhi ya siku iliyoruhusiwa rubani alifika na pikapu, koti la kung'aa kifuani, droni yenyewe imekunja mikono kama panzi aliyelala. Alipima upepo kwa kidude chake, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Moyo wangu ukaanza kutulia. Kisha akasema, "Nimuone mwenye nyuki, nihakikishe ameifunga mizinga."

"Yuko na kazi nyingi," nikasema.

Alikuwa ameshafika langoni kwake. Mimi nilibaki kwenye ua, nikisikiliza kupitia miiba.

"Mama, hujambo? Ni ile ruhusa ya kupiga dawa kwa jirani. Nyuki umefunga?"

"Ruhusa gani?"

Nyuki wakawa wanavuma.

Rubani alirudi, hakunigombeza, hakuinua sauti. Alianza tu kurudisha vitu kwenye pikapu. Nikamwambia hewa imetulia, nikamwonyesha kijiti changu na nailoni yake. "Mzee," akasema, "hiyo dawa ikishuka kwa nyuki wa mtu ambaye hajui, leseni inaenda. Wewe utabaki na shamba. Mimi nitabaki na nini?"

Basi nikavuka. Safari hii bila koti, na chai haikuwepo. Jirani alikuwa amesimama mlangoni amefunga mikono kifuani. Niliongea kwa mkupuo: viwavi, moyo wa mhindi, nywele, ugali wa mwaka mzima, mizinga, uongo wangu wa simu.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Ulikuwa hapa Jumapili," akasema. "Ukala kiazi changu. Mdomo ulikuwa umeuacha wapi?"

Hakungoja jibu. Alikubali, lakini kwa masharti yake, na rubani aliyakubali yote kwa sababu ndiyo hayohayo ambayo angeyataka yeye. Nimwambie jioni ya kuamkia siku yenyewe, nyuki wakiwa wamerudi, aifunge mizinga. Droni isisogelee ua. Mistari yote inayopakana naye iachwe bila dawa.

"Na hiyo mistari nani ataiangalia?" nikauliza.

Wote wawili waliniangalia.

Rubani alikuwa na mashamba ya kufanya kule Chepsaita kabla ya kurudi kwangu, na ruhusa ya siku hiyo ilikuwa imeshapotea bure. Kwa hiyo nilingoja, lakini si kwa kiti. Niliingia kwenye mistari ya kando ya ua na mkebe wa jivu, dawa ya wazee isiyodhuru nyuki, nikawa nalitia kwenye moyo wa mhindi mmoja mmoja, nikiwatoa viwavi kwa vidole, shingo inauma, majani yananikata masikio. Mimi niliyetafuta mashine iruke ili nisisimame. Na kila saa naangalia juu: nywele bado? Kwenye mhindi mmoja nikaziona, nyembamba, za rangi ya waridi. Siku hiyo hata chakula kilinishinda.

Kesho yake rubani alirudi na ruhusa mpya ya anga, ya asubuhi iliyofuata. Jioni nilipiga hodi kwa jirani, nikasema jambo langu nikiwa bado mlangoni, hata kabla ya salamu. Asubuhi droni ikapanda, ikaenda na kurudi juu ya mahindi, majani yakilala chini yake na kuinuka. Ilimaliza kabla uji haujapoa. Nilipofungua mioyo ya mahindi baadaye, viwavi walikuwa wamelala hawaamki. Mahindi machache tulipoteza, yale yaliyotangulia kutoa nywele. Ugali upo.

Wakati rubani anafunga vitu vyake, alikuwa anamwonyesha jirani leseni yake na cheti cha droni, kwa sababu jirani alitaka kuona kila kitu, hadi kibandiko cha chupa ya dawa. Alisoma polepole, akarudisha. Kisha akanigeukia, mimi na mkebe wangu wa jivu.

"Ndege iko na karatasi," akasema. "Dereva yake ako na karatasi. Hata dawa ya funza iko na karatasi. Kwa hii shamba yote ni wewe tu unatembea bila."