Siku Bahari Ilipochukua Viatu Vyangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu hadi watu wa nyumbani wananiuliza kuna nini. Nakusimulia leo kwa sababu nimeiona baiskeli yako imetolewa magurudumu na kulazwa kwenye katoni. Unakwenda kushindana triathloni ya masafa marefu: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote kwa siku moja. Mimi pia niliwahi kufunga katoni kama hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilidhani hakuna mtu wa kunifundisha habari za maji.

Nilizaliwa Luanda Kotieno, kando ya ziwa, pale feri ya kwenda Mbita inapopakia watu. Kuogelea nilijua kabla ya kujua kusoma. Baiskeli ndiyo ilinishinda, na aliyenifundisha ni Mzee Owuor, fundi wa baiskeli wa mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu. Kwa miezi minane alinipandisha ule mlima wa kwenda Maseno, yeye nyuma yangu kwenye pikipiki ya jirani, akipiga kelele.

"Nyar nam! Hata mama mwenye gunia la viazi amekupita!"

Nyar nam ni binti wa ziwa. Aliniita hivyo akinipenda, na akinikasirikia pia.

Siku ya kuondoka alinisaidia kufungua baiskeli. Alinionyesha kwamba pedali ya kushoto hufunguka kinyume na ya kulia, na ukiilazimisha unaiharibu. Kisha akasema, "Ukifika Pwani, kabla hujaingia kwa maji, uliza wenyeji hayo maji yako aje."

"Mzee, maji ni maji. Mimi niulize nini?"

Alikaza kamba ya katoni tu.

Nilifika siku moja kabla ya mashindano. Saa nne asubuhi nikaenda ufukweni peke yangu. Nikavua viatu vyangu vya kukimbilia, vile nilivyokimbia navyo miezi yote minane mpaka vikawa kama ngozi yangu. Nikaviweka mchangani pamoja na taulo, hatua chache kutoka majini, kama tufanyavyo nyumbani. Ziwa letu lina mawimbi, na lina magugu yanayohama kutoka ghuba moja hadi nyingine, lakini ukiacha kitu ukingoni asubuhi, mchana utakikuta, na ukingo uko palepale.

Nikaogelea kwa furaha. Nilipopata kiu nikafanya tulichozoea watoto wa ziwa: nikafungua kinywa nikapiga funda. Mwanangu, nilikohoa mpaka machozi yakanitoka! Kumbe kusikia kwamba bahari ina chumvi ni jambo moja, na kuimeza ni jambo lingine.

Niliporudi baada ya saa moja na kitu, pale nilipoacha viatu palikuwa na maji ya kunifika kiunoni. Nikazunguka nikipapasa chini kwa miguu. Mama mmoja mtu mzima, mwenye fimbo na ndoo ya pweza, alikuwa amesimama akinitazama.

"Watafuta nini, mwanangu?"

"Viatu, mama. Niliviacha hapa, pakavu!"

"Maji yajaa hayo. Kwani kwenu maji hayajai, hayapwi?"

"Kwetu maji yanakaa mahali yako!"

Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Basi maji yenu yana adabu kuliko yetu!"

Mimi sikucheka. Mtu hakimbii masafa yale na viatu vipya. Vitamchubua kabla hajafika nusu. Nilimpigia simu Mzee Owuor nikalia kabisa. Nikamwambia naona nirudi nyumbani.

Mzee akasema, "Viatu vimeenda. Mdomo bado uko?"

"Uko, Mzee."

"Haya. Uliza nao." Akakata simu.

Nikamfuata yule mama, jina lake Bi Zuhura, nikamwomba radhi kwa kutomwamkia, kisha nikamuuliza yote niliyopaswa kuuliza asubuhi. Alinieleza polepole, akichora mchangani kwa fimbo yake. Kesho tutakapoanza alfajiri, maji yatakuwa bado yanapwa, na yatatuvuta kushoto. "Usilenge lenyewe lile boya mtakalolizunguka. Lenga kulia kwake, maji yatakuleta." Jioni akaniletea viatu vya binti yake anayecheza mpira wa pete. Vilikuwa vikubwa kidogo, lakini vilikuwa vimeshavaliwa vikalainika. Tukavijaza vitambaa kwenye ncha.

Asubuhi kila mtu alilielekea boya. Mimi nilielekea kulia, na wengine wakadhani nimepotea. Waandaaji waliweka muda, na aliyechelewa kutoka majini aliondolewa. Niliwaona wenye mikono yenye nguvu kuliko yangu wakipelekwa kushoto, wakihangaika kurudi. Mimi nilitoka majini wa sita.

Baiskeli ilinirudisha nyuma, kwa kuwa pale hapakuwa na mtu wa kunitania kuhusu viazi. Na katika kukimbia, viatu vya mpira wa pete vilipiga lami pwa, pwa, pwa, mpaka watoto wa barabarani wakawa wanapiga makofi kwa mdundo huo. Nilimaliza wa nne kutoka mwisho. Bi Zuhura alikuwa pale na nusu ya mtaa wake, akipiga vigelegele kama harusini: "Mgeni wangu huyo! Mgeni wangu!" Sijawahi kuchoka vile, wala kufurahi vile.

Basi sikiliza, mwanangu. Fanya mazoezi yako yote, funga pedali zako vizuri, kula na ulale mapema. Lakini ukifika, usiingie majini siku ya kwanza bila kumsalimu mtu anayeishi kando ya maji hayo. Muulize yanaelekea wapi na saa ngapi, hata kama unaona aibu, hata kama atakucheka. Wanaokucheka ndio hao watakaokushangilia. Nguvu zako nyumbani umezipata; njia ya kule wanaijua wa kule.

Nenda salama. Mungu akutangulie barabarani, akuwekee mtu mwema ufukweni, akupe pumzi ya kufika mwisho, na akurudishe Kisumu ukiwa na hadithi ya kutuchekesha.