Hajati Halimah na Samaki Wenye Asili

Kansanga nzima, hapa Kampala, ukitaka kijana wako aoe, unabisha hodi kwa Hajati Halimah. Mama huyu, mjukuu wa wafanyabiashara wa pwani, alijaliwa vipaji viwili, na vyote alivitangaza mwenyewe: kuoanisha watu, na Kiswahili safi. Ukisema "gali" mbele yake, chai huinywi mpaka urudi kwenye "gari".

Safari hii alikuwa akimwoza Taqwa, binti wa kaka yake, na wakwe walikuwa waje Jumapili. Hajati akaona mazulia hayatoshi. Akanunua tangi la kioo, wageni wawaone samaki wakiishi kwa mapenzi, wajue wameingia kwa nani. Wakigombana humo, basi, mchumba naye ataonekana kachaguliwa kwa macho hayohayo.

Akaenda kwa Ojara, muuza samaki wa Kabalagala. "Nataka wenye asili," akamwambia. Akachagua wekundu wenye mikia kama shela, kwa kuwa wana haya. Akachagua vidogo vya mistari, kwa kuwa vinatembea kijamaa. Kisha akamwona kambale mchanga, ametulia chini na sharubu zake.

"Huyu ni mtu wa dini."

"Huyu anakula wenzake, Hajati."

Hajati akatabasamu kwa huruma. Watu wa Kampala na "kukula" yao ya Kiganda, ambayo maana yake ni kukua, wanaichomeka tu kwenye Kiswahili cha watu.

"Sema anakua na wenzake, mwanangu. Anakua."

Ojara akamtazama kambale, akamtazama Hajati. Nani abishane na mwalimu?

"Sawa, Hajati. Anakua."

Na kweli akakua. Vya mistari vilitangulia, kwa udogo wao. Wenye shela wakafuata, haya na yote. Jumapili alibaki yeye, maji na kitambi.

"Shangazi, tangi tulifunike?" akauliza Taqwa.

"Tulifunike, tuseme kuna maiti?"

Wageni wakawa mlangoni. Bi Sundus, shangazi wa bwana harusi, akaketishwa uso kwa uso na kambale.

"Kanona, mashaallah. Wenzake wako wapi?"

Hajati alikuwa na uongo wa kutosha, wote wa Kiswahili fasaha. Akamtazama Taqwa, aliyekuwa akikunjakunja ncha ya mtandio, na uongo ukamkwama.

"Kawala. Na niliwachagua mimi, kwa sura na ukoo."

Bi Sundus akaweka kikombe chini.

"Na Zuhair wetu ulimchaguaje?"

"Kwa sura na ukoo." Kisha Hajati akauliza jambo ambalo katika ndoa zote alizofungisha hakuwahi kuliuliza. "Kwani ana tabia gani, huyo mtoto?"

"Zuhair? Asubuhi haongeleshwi. Ukimsalimu kabla ya chai, anakutazama kama umemwibia."

"Hata mimi," akasema Taqwa, ambaye alikuwa ameagizwa asifungue kinywa.

Bi Sundus akamgeukia, akamtazama kwa mara ya kwanza vizuri.

"Basi hawa watanuniana kwa amani," akasema, akasogeza kikombe kiongezwe.