Kapya apika espadon mbele ya wakwe zake

Misa ya pili imekwisha, na katika ua mmoja wa Kampemba, mtaa wa Lubumbashi, mwanamume aliyejifunga kitambaa cheupe kiunoni ameinama juu ya mbabula, lile jiko la mkaa ambalo kila nyumba ya hapa inalo. Hapulizi. Anangoja makaa yavae majivu. Kando yake kuna sinia lenye vipande vinne vya samaki, vinene, vimekaushwa kwa kitambaa safi.

Angeweza kupikia nyuma ya nyumba. Ameileta mbabula mbele, ambapo kila apitaye barabarani anamwona, na wanaopita leo ni wengi kuliko kawaida. Wengine wamepita mara mbili.

Kapya Musonda ni mpishi katika nyumba ya wageni ya kampuni moja mjini. Wiki nzima huwapikia wahandisi na wakubwa wa shaba, na hakuna anayemcheka. Shida yake ni nyumbani, anakopika kila jioni na Jumapili kutwa.

“Nikipika kwa bazungu, banasema Kapya iko na kazi muzuri,” anasema bila kuinua macho. “Nikipika kwangu, banasema Kapya balimuloga. Na moto ni ileile.”

Anayesemwa kwamba ndiye aliyemroga ni mke wake. Tangu serikali ipige marufuku majina ya ubatizo, kadi yake ya uraia inamwita Ngosa, ila mtaani hakuna ulimi uliobadilika: ni Laurentine, msaidizi wa wakunga katika wodi ya wazazi. Jumapili nyingi yuko zamu. Hurudi miguu imevimba, akakuta chakula kimeiva na maji ya kuoga yamepashwa moto.

Hilo wanawake wa pale bombani hawakulimeza. Bijou, jirani wa Kapya, ndiye aliyeanza kusema kwamba mwanamume hapiki hivi hivi nyumbani kwake, lazima amelishwa kitu. Lisemwalo lipo, wakaitikia wengine, na kama halipo, li njiani laja.

Sasa limefika. Mjomba wa Laurentine, mzee Anaclet, mstaafu wa reli anayelima mahindi huko Annexe, pembezoni mwa mji, ametuma neno kwamba leo anakuja na dada yake Virginie, mama mzazi wa Laurentine. Ama Kapya aape mbele yao kuwa hatagusa tena sufuria nyumbani, ama waondoke na binti yao. Msomaji asiwadharau haraka. Mtoto wao anaitwa mchawi mjini, nao wanamlinda kwa njia wanayoijua.

Mwanamume mwingine angetafuta wazee wa kumwombea. Kapya alikwenda mjini Jumamosi, kwenye duka lenye chumba cha baridi, akanunua espadon.

Espadon ni samaki wa baharini, mrefu kuliko mtu, na pua yake ni upanga mtupu. Hapa Lubumbashi hafiki akiwa mzima. Anakuja amegandishwa, vipande vipande, bila kichwa wala mkia. Wazungu humnunua, sisi wengine tunampita tukikunja pua. Samaki wetu wa mtoni, kutoka Kasenga, huja mezani na kichwa chake, na kichwa kina mwenyewe: mkubwa wa waliokaa. Asiye na kichwa utampaje mgeni wa heshima? Na nani ajuaye alikuwa mnyama gani?

Kapya alimjua samaki huyu kwa Mgiriki mmoja, mfanyabiashara wa samaki, aliyemwajiri akiwa bado kijana. Mke wa Mgiriki huyo ndiye aliyempiga vidole hadi akaelewa kwamba limau ni la mwisho, si la mwanzo.

“Hii samaki haipendi kuchelewa,” anasema, akivinyunyizia vipande chumvi. “Ukiiacha kwa moto kama ile ya Kasenga, inakuwa ubao. Unaigeuza mara moja, unatoa.”

Mimi mwandishi, niliyeketi kando ya mbabula, nikamuuliza kwa nini asiwapikie wakwe kitu wanachokijua, siku mbaya kama hii. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

“Ningepika ya kawaida, bangesema Laurentine njo alipika, mimi niko najisifu tu. Hii, katika Kampemba yote, nani anajua kuipika? Ni mimi tu. Donc batajua nani alishika sufuria.”

Laurentine anaingia akiwa bado na gauni la kazi, na nyuma yake tu wageni wanafika. Mzee Anaclet amevaa abakosti ya siku kubwa, lile koti lisilovaliwa tai, imefungwa hadi shingoni katika joto hili. Mama Virginie anakaa karibu na mlango, amewapa mgongo wanaume, kitenge kimefunika kichwa. Ndiyo adabu ya kwao: mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawasemeshani, na mkwe hatii chakula kinywani mbele yake.

Anaclet anazungumza kwa muda mrefu na kwa upole. Anataja ukoo, anataja reli, anataja aibu. Mwisho anaomba kiapo.

Kapya anaweka vipande juu ya waya, anavigeuza mara moja. Mafuta yanadondokea makaa, na harufu inavuka uzio hadi kwa Bijou. “Siapi, mujomba,” anajibu.

Mzee anatazama sinia linaloletwa, bukari, ugali wa hapa, upande mmoja na sombe, majani ya muhogo, upande wa pili. “Kichwa iko wapi?”

“Haiko. Kila muntu iko na kipande yake, na zote ziko sawa.”

Hapo sauti ya mzee ilipanda. Nyumba isiyo na kichwa cha samaki haina mkubwa, alisema, na nyumba isiyo na mkubwa imekwisha kuharibiwa na dawa. Sasa anaona kwa macho yake kwamba watu hawakusema uongo.

Kapya alisimama wima. Mpishi huyu huongea chini chini kama watu wote waliozoea kuhudumu, lakini maneno haya yalisikika barabarani.

“Mujomba, dawa inapita wapi? Inapita ku chakula. Na chakula ya hii nyumba, ni mimi napika. Muke yangu anakuta imeiva. Kama kuko muntu wa kulisha mwenzake dawa hapa, ni mimi. Muniite mulozi mimi, muache yeye.”

Barabarani mtu alicheka. Anaclet hakucheka. Aliisogeza sahani mbali kidogo, akasema basi mpishi aonje kwanza, kama inavyotakiwa. Kwao mwenye kupika huonja mbele ya wageni, waone kwamba chakula ni salama.

Kapya akanyoosha mkono, kisha akauacha hewani. Mama mkwe alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Akila, amemvunjia heshima mama wa mke wake mbele ya mtaa mzima. Asipokula, chakula ni cha sumu. Mwanamume huyu aliyekuwa ameipanga siku hii tangu Jumamosi hakuwa amewaza jambo hili hata kidogo.

Mzee alikuwa ameanza kuinuka. Alimwambia Laurentine akachukue nguo zake.

Laurentine hakuingia ndani. Alinawa mikono, akavuta kigoda mbele ya sinia, akamega bukari, akachota samaki kutoka sahani ya mjomba wake, akala. Akatafuna taratibu, akameza, akamega tena. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye njaa na hasira pamoja.

“Mimi njo nakula mapishi yake kila siku,” alisema. “Kama iko na dawa, iko ndani yangu zamani. Na mi siendi.”

Anaclet alikaa. Alionja pembe ya kipande, akaonja tena, na hakuuliza tena habari za kichwa. Sahani ya Mama Virginie ilipelekwa mlangoni. Kipande cha Kapya, asichoweza kukila hapo, nilipewa mimi, na sikukataa: nyama nyeupe, ngumu kidogo kwa nje, ndani ina maji ya limau na chumvi.

Ndipo mama mkwe aliposema, bila kugeuka, kupitia kwa binti yake.

“Laurentine, ambia bwana yako. Mahindi ikikomaa, tutakuja kumuonyesha moto.”

Kwa watu wa kwao, kuonyesha moto ni siku ambayo jamaa za mke humletea mkwe vyungu vya kila chakula cha kwao. Kuanzia hapo anaweza kula mbele ya mama mkwe. Mkwe anayenyang'anywa mke hafanyiwi hivyo. Anaclet alimtazama dada yake, akakohoa, akafungua kifungo cha juu cha abakosti.

Walipoondoka, nilimuuliza Kapya kama baada ya heshima hiyo atamwachia mkewe sufuria. Alikuwa anaongeza mkaa, maana hajala, na Bijou bado alikuwa amesimama penye uzio.

“Baje na moto yabo, nitaipokea na mikono mbili,” alisema. “Na siku ileile, nitabaonyesha yangu.”