Kidole Kisicho na Wino

Fidencio Arriaga alikuwa fundi wa kuezeka mapaa huko Cicero, kando ya Chicago, na mgongo wake ulizeeka kabla yake. Mpole, mvivu wa maneno, lakini mwepesi wa kununa ukimsemea vibaya El Fresnal, kijiji chao cha Michoacán, ng'ambo ya mpaka wa kusini. Alikiacha angali kijana, na bado ukimuuliza kwao ni wapi alikutazama kama umemtukana.

Mwaka wa uchaguzi, mpwa wa mkewe alimwonyesha namna ya kumchagua rais wa nchi yake akiwa kulekule ugenini. Unajiandikisha kwa simu, unaipiga picha kadi yako ya mpiga kura, kisha unachagua kupigia kwenye intaneti au kuletewa karatasi kwa posta. Fidencio akachagua posta, maana alitaka kuishika kwa mkono. Bahasha ilipofika aliibandika kwenye friji kwa sumaku, na hakuna mgeni aliyetoka mle ndani bila kuonyeshwa. Furaha ile hakuwa ameipata tangu alipopewa kibali cha kuishi.

Kabla hajaifungua, dada yake Odilia akapiga simu kutoka kijijini: mama amepooza upande mmoja. Fidencio akapanda ndege. Mkewe alipomkumbusha bahasha, alicheka. Ya nini kura ya posta, na yeye anakwenda kupiga kwao, kwa miguu yake, mbele ya watu waliomjua akiwa peku? Hapo ndipo alipojiponza. Sisi watu wa pande mbili tuna ujinga huu: tunadhani kila upande unatushikia nafasi.

Mama yao, Eufrasia, hakuwa na habari na vyama wala marais. Yeye alikwenda kupiga kura kwa ajili ya Abundio. Abundio, mdogo wake Fidencio, alitoka asubuhi moja na gari la parachichi kwenda Uruapan, na tangu siku hiyo hakuonekana yeye wala gari. Hakuna aliyemzika, na mama alikataa katakata kutia saini popote kwamba amekufa. Basi jina lake likabaki kwenye daftari la wapigakura, pamoja na picha, kwa kuwa daftari la kule lina sura za watu. Kila uchaguzi mama alijikongoja hadi shuleni, akatumbukiza karatasi zake, akapakwa wino, kisha makarani, ambao ni majirani tu, wakamfungulia ukurasa wa akina Arriaga. Hapo aliwaona wanawe bega kwa bega, Abundio na Fidencio, walivyopigwa picha siku moja, Fidencio alipokuja likizo wakaenda pamoja kuchukua kadi mpya. Alirudi nyumbani na nguvu za kungojea tena.

Safari hii hakuweza kuinuka. Jumapili ya uchaguzi alimwita Fidencio kitandani, mdomo umekwenda upande, maneno yakitoka kwa tabu.

"Nenda ukawaangalie," alisema. "Mkiwa pale wote wawili, najua bado nina watoto."

Fidencio akavaa shati lake la harusi akaenda. Kwenye foleni walimtania kuhusu kitambi na dola, naye akatabasamu, maana utani huo ulikuwa ni kukaribishwa. Karani wa mwaka huo alikuwa Crisóforo, muoka mikate, aliyesoma naye.

"Karibu, Mgringo, mtu wa Chicago. Huko kwenu hakuna foleni?"

"Kwetu ni hapa, bwana wee. Tafuta jina."

Crisóforo akateremsha kidole ukurasani, akasimama, akapandisha tena. Utani ukamtoka usoni.

"Abundio yupo. Anayefuata ni Graciela. Wewe hupo, kaka."

Msimamizi wa kituo, mwalimu mmoja mwanamke, alisogea akauliza kwa upole kama aliomba kupigia kura ugenini. Fidencio akakubali, ila hajapiga, bahasha iko kwenye friji. Mwalimu akamweleza kwamba ukishaomba kule, huku unatolewa kwa uchaguzi huo, upige usipige. Fidencio akaiweka kadi yake mezani, akaigonga kwa kidole, kana kwamba kadi ingejisemea. Nyuma yake mtu akasema, "Mwacheni, huyo atapiga kwa dola," na foleni nzima ikacheka. Huo haukuwa tena utani wa kukaribishwa, na uliuma.

Aliomba aione picha tu. Crisóforo akaligeuza daftari. Abundio alikuwa amekunja uso kama kawaida yake, na chini yake binti asiyemjua, aliyezaliwa baada ya yeye kuondoka.

Njia nzima alikuwa anaitazama mikono yake. Kila aliyepishana naye alikuwa na gumba jeusi la wino. Alipofika nyumbani hakuingia kwa mama moja kwa moja. Alipita jikoni, akachukua dawa ya viatu ya shemeji yake, akajipaka kidole gumba, akakipuliza. Odilia alimwona, akainamia maharage yake.

"Umemwona?" mama akauliza.

"Nimemwona, mama. Amenuna vilevile."

"Na wewe?"

"Nipo pembeni yake."

Mama akaunyosha mkono wake mzima, akakishika kidole kile. Hakuwa na shaka yoyote. Ilikuwa desturi yake, tangu wakiwa vijana, kuusugua wino wao na kulalamika kwamba serikali inawachafulia watoto. Wino ule hautoki hata kwa sabuni. Huu ulitoka. Ulibaki kwenye vidole vya mama na kwenye shuka.

Mama alivitazama vidole vyake.

"Na wewe walikuchukua lini?" akauliza.

Fidencio akapiga magoti akaanza kueleza, ya simu, ya posta, ya bahasha na friji, kwamba ni uchaguzi huu tu, kwamba ataomba arudishwe. Mama alikuwa amefumba macho. Alipozungumza tena alimwita Abundio amletee maji. Fidencio akainuka, akayaleta.