Hodi Mbili kwa Bwana Private

Ukindu ukilowa maji hutoa harufu ya majani yaliyonyeshewa, na chini yake kuna uchachu kidogo, kama maji ya dafu yaliyolala. Mwezi uliopita harufu hiyo ilinishika mahali ambapo sikuitarajia. Nilikuwa nimepata kibarua cha wiki mbili cha kusafisha nyumba ya wageni Diani, mvua ya usiku ilikuwa imepiga barazani, na mkeka uliotandikwa pale kwa urembo ulikuwa umelowa chapachapa. Niliuinua niuanike, na harufu ikaniingia puani kabla sijajiandaa.

Juu ya meza ya baraza hiyo palikuwa na karatasi ya matangazo, ya kung'aa. Mimi husoma kila kitu kilichoandikwa, nanyi mtajua sababu yake sasa hivi. Ilisema kuna matembezi mepesi ya msituni na kandokando ya mto, karibu kabisa na mji, mwendo wa saa moja kwenda na kurudi, hakuna mlima, yanafaa watoto na hata wazee. Picha ilionyesha mkuyu ulioinama juu ya maji mpaka tawi moja linakaribia kunywa.

Tawi lile ndilo alilokuwa bibi yangu akitundikia leso yake.

Nilikaa sakafuni na ufagio mkononi. Hata wazee! Nilicheka kwa sauti, kicheko kibaya, mwenzangu akachungulia kutoka jikoni kuniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama. Sikuwa salama, na bado siko, na nyinyi nitawaeleza kwa nini.

Kijiji chetu kiko upande wa juu wa barabara, kati ya Ukunda na Kinondo. Kila Jumamosi nikitoka chuoni kusoma Kurani, mimi na bibi tulikwenda mtoni kukata ukindu. Njia yenyewe ilianzia nyuma ya choo chetu, ikapita mihogo ya jirani na mikorosho mitatu, halafu ikaingia msituni. Humo ndani jua lilikuwa likishuka vipande vipande. Mbega walituangalia kama watu waliokaa barazani wakiteta, na hondohondo alikuwa akilia juu ya vilele kwa ile sauti yake ya mtoto anayedeka. Tulikula matoria, matunda machachu ya msituni, mpaka midomo ikakunjamana. Bibi hakuwa na haraka. Alinitajia kila mti, na mimi nilimuuliza kila mti, na nikimaliza miti nilimuuliza wadudu.

Ukindu hakuukata ovyo. Alichukua majani machanga yaliyosimama katikati, na kila mkindu aliuachia jani moja changa ili usijione umefilisiwa. Hivyo ndivyo alivyosema: usijione. Mwaka ule alikuwa akisuka mkeka wa harusi ya dada yangu Mejumaa, wa rangi ya zambarau na kijani, na ulikuwa umebakisha mzigo mmoja tu wa ukindu ukamilike.

Bibi hakujua kusoma. Macho yake ya kusoma yalikuwa mimi. Nilimsomea maandishi ya leso, pakiti za majani ya chai, hata magunia ya mbolea, na sifa alizonipa zilinivimbisha kichwa. Nilikuwa darasa la nne. Hakukuwa na neno nililokubali kushindwa nalo.

Jambo moja alilokuwa mkali nalo ni hodi. Siku moja nilibisha kwa jirani yetu Bi Riziki mara tatu, hakuna aliyeitika, lakini mahamri yalikuwa yakinukia, nikaingia. Bibi aliposikia alinirudisha nikaombe radhi, na usiku huo sikupewa chochote. Alinieleza mara moja tu. Hodi ya kwanza ni kumjulisha mwenye nyumba. Ya pili ni kumpa nafasi ya kujisitiri. Ya tatu ni ya mwisho, na isipoitikwa unageuka urudi ulikotoka, hata kama unamwona mwenyewe amekaa ndani.

Basi Jumamosi moja tulipita mikorosho mitatu tukakuta waya. Haukuwapo juma lililotangulia. Ulikuwa nyuzi tatu zenye miba, na nguzo za saruji ambazo bado zilikuwa na unyevu, na katikati ya njia yetu kabisa, pale ambapo udongo ulikuwa umelainishwa na miguu ya watu, kilisimama kibao cheupe chenye neno moja jekundu.

"Kimesema nini, mama?" bibi aliniuliza.

Sikulijua neno lile. Lakini herufi nilizijua, nikazisoma silabi kwa silabi kama tulivyofundishwa: pri-va-te. Private. Nikafikiri haraka. Neno moja, limeanza na herufi kubwa, limewekwa mbele ya shamba.

"Ni jina la mwenyewe," nikasema. "Anaitwa Bwana Private."

"Private." Bibi alilitafuna jina lile. "Si wa huku."

"Pengine Mzungu."

"Pengine. Lakini hata Mzungu ana masikio."

Akajifunga leso vizuri kichwani, akasimama mbele ya waya kama anavyosimama mtu mbele ya mlango, akaita: "Hodi! Hodi kwako, Bwana Private!"

Tumbili mmoja akakimbia. Bibi akangoja.

"Hodi, Bwana Private! Ni sisi majirani!"

Akangoja tena, muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Nilikuwa nikihesabu vidoleni, kwa sababu ya yale mahamri. Nilikunja kidole cha pili nikaandaa cha tatu. Bibi akauinua uzi wa chini kwa kisu chake, akanisukuma nikapita, kisha akainama, mwanamke mzima mwenye mgongo mbovu, akapita yeye.

Nilidhani amesahau hesabu. Sikumwambia. Nilifurahi kuwa nimekumbuka kitu alichosahau yeye.

Tulikata ukindu. Leso ilikuwa juu ya tawi la mkuyu, na mizigo miwili ilikuwa imeshafungwa, walipotujia watu wawili. Mmoja alikuwa Hamisi, mtoto wa Mwanajuma wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, amevaa sare mpya yenye mikunjo ya dukani. Wa pili alikuwa mkubwa wake, mtu wa bara, mwenye redio ya mkononi.

"Shikamoo, bibi," Hamisi alisema, akiangalia viatu vyake.

"Marahaba. Si wewe uliyefuturu kwangu Ramadhani hii?"

"Ni mimi, bibi. Lakini ni kazi."

"Mathe, huku mmeingiaje?" akauliza yule mkubwa.

"Kwa miguu."

"Hamkuona kibao?"

"Tumekiona. Mjukuu wangu amekisoma. Tumebisha hodi, mwenyewe hakuitika."

"Mwenyewe nani?"

Bibi akanitazama nijibu, kama alivyokuwa akinitazama mbele ya wageni nisome leso. Nikavuta pumzi nikasema, "Bwana Private."

Yule mtu wa bara alicheka mpaka akaushika mkuyu. Alibonyeza redio yake akawaambia wengine walioko getini: "Kujeni muone, kuna wageni wa Bwana Private huku!" Redio nayo ikacheka. Halafu Hamisi akacheka. Alijaribu kujizuia, nilimwona, lakini alicheka. Yule wa bara nilimsamehe zamani, hakutujua. Hamisi nimekataa kumsamehe, na najua anaishi wapi.

Bibi hakucheka wala hakuinamisha kichwa. Alisubiri wamalize, kama mtu anayesubiri gari lipite ndipo azungumze.

"Akirudi," alisema, "mwambieni alikujiwa na mwenye njia."

Kicheko kikakatika. Walichukua kisu, wakachukua mizigo yote miwili, wakatutoa kwa geti kubwa lililo upande wa lami. Njia yetu ilikuwa mita chache nyuma yetu, lakini walikataa tuipite. Tulirudi kwa barabara, jua la saa saba, tukizunguka kote kule, ndara ya bibi ikiwa imekatika kamba. Nililia njia nzima. Nilijua nimesoma vibaya ingawa sikujua vipi, na nilijua ni mimi niliyemfanya achekwe.

Alisimama kwenye kivuli cha duka akanishika kidevu. "Herufi zilikuwa zile ulizosoma?"

"Ndiyo."

"Basi umesoma. Wamekiweka njiani mwetu na hawakukiandika kwa ajili yetu. Kosa lako liko wapi?"

Sikumwamini. Ukindu wetu waliutupa kando ya geti, na kila siku nilipokwenda shule niliuona. Kwanza ulikuwa wa kijani, kisha wa manjano, kisha rangi ya kikohozi. Hawakuuhitaji hata kidogo. Dada Mejumaa aliolewa juu ya mkeka wa plastiki ulionunuliwa Ukunda, wenye picha ya tausi. Bibi alikaa sakafuni pembeni yake siku zote mbili za harusi. Aliombwa na kila mtu, hakuukalia. Ule wa zambarau na kijani uliviringishwa ukawekwa juu ya kabati, na bibi alifariki ukiwa pale pale.

Shuleni Hamisi alikuwa na wadogo zake, kwa hiyo habari ilifika kabla yangu. Nikaitwa Bi Private. Niliacha shule darasa la saba. Sitawadanganya kuwa ni kwa sababu hiyo peke yake, miguu yangu nayo ina mambo yake. Nimelala Shimoni, Vanga, Lunga Lunga, Mombasa, nimefanya kazi ambazo hata majina yake siyakumbuki. Kila nilipokwenda nilisoma vibao. Na kila nilipokwenda nilimkuta Bwana Private amefika kabla yangu: ufukweni, kisimani, kwenye kichaka ambacho hata mbuzi wamekiacha. Nimejua tangu zamani kuwa maana yake ni mali ya mtu binafsi, lakini bado naona nilipatia. Ni jina la mtu, na mtu mwenyewe haitiki.

Kitu kimoja tu nilichelewa kukielewa. Nilikuwa Vanga, mvua inanyesha, sina pa kulala. Nilisimama kwenye mlango wa mwanamke niliyeelekezwa kwake. Niliita hodi, kimya. Nikaita ya pili, kimya. Nikafungua mdomo kwa ya tatu, na mdomo ukakataa, kwa sababu ningeiita na isiitikwe ningelazimika kuondoka, na sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Niliposimama pale nikitiririka maji ndipo nilipomwona bibi mbele ya waya, akingoja muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

Hakuwa amesahau hesabu. Mwanamke yule alikuwa ameishi na hodi tatu maisha yake yote, na siku ile aliacha ya tatu kwa makusudi, ili asiwe na lazima ya kugeuka. Aliingia kwa akili yake. Kusoma kwangu hakukumtia popote. Na mimi nilikuwa nimebeba aibu ile miaka yote kama mzigo wa ukindu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba nadhani alimwamini Bwana Private kuwa ni mtu. Alimpa heshima ya hodi mbili. Hakuna aliyempa yeye hata moja. Waliingia njiani mwake bila kubisha, na leo wanaitangaza kwa karatasi ya kung'aa.

Siku kibarua kilipokwisha nilikwenda na karatasi ile mpaka kwenye geti lile la upande wa lami. Mlinzi alikuwa msichana mdogo, mpole, akaniamkia shikamoo. Aliniuliza kama nimejiandikisha kwa matembezi.

"Sijajiandikisha. Nabisha hodi."

"Hodi haiitwi hapa, dada. Kuna kengele."

Nilisimama mbele ya geti kama anavyosimama mtu mbele ya mlango. Niliita ya kwanza, nikangoja. Niliita ya pili, nikangoja zaidi.

Ya tatu sijaiita.